Ukitaka kuuza au kutumia asidi hapa Unguja, anzia hapa

Assalam alaykum. Vijana wengi wa vibanda vya betri, na wale wanaopeleka dawa za mabwawa mahotelini Nungwi na Paje, wananiuliza kuhusu biashara hii, basi n'naandika yote hapa mtu asije akaungua kwa kukosa kuambiwa.

Hatua ya 1: jua unanunua nini. Ukisema tu "nataka asidi" hujasema kitu. Ya betri ni salfuriki ilokwisha kuzimuliwa, kiasi ya asilimia 37. Ya bwawa na vigae ni haidrokloriki, mara nyingi asilimia 30 mpaka 33, hiyo ukifungua dumu tu inatoa moshi na inachoma pua. Ipo na salfuriki ya asilimia 98, lita moja inapita kilo 1.8, hiyo mtu wa kibanda huna kazi nayo, nunua ilotayarishwa.

Hatua ya 2: soma dumu. Liwe na jina, asilimia, na ile alama ya pembe nne yenye namba 8, mkono unaliwa na matone. Namba za UN, zile za Umoja wa Mataifa za kutambulisha mizigo ya hatari, ni 1789 kwa haidrokloriki, 2796 kwa maji ya betri, 1830 kwa ile nzito. Halina lebo? Liache hapo hapo hata kama bei rahisi. Kama unaleta kutoka Dar usiifiche kwenye begi boti ya abiria, ni mzigo wa hatari na utangazwe hivyo, na kabla ya kuagiza pita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ukaulize vibali.

Hatua ya 3 ni stoo, na hapa ndo watu wanadharau. Nyumba zetu nyingi ni mawe na chokaa, na asidi inakula chokaa. Tia tone la haidrokloriki kwenye jiwe la tumbawe utaona linachemka povu saa ile ile, sasa fikiria dumu linavuja usiku kucha juu ya sakafu ya chokaa. Weka madumu ndani ya beseni kubwa la plastiki, chini, si juu ya rafu, dirisha wazi. Ndoo ya bati usiitumie kabisa, asidi inaila na inatoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Na klorini ya bwawa isikae chumba kimoja na haidrokloriki, nawaomba sana, vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini inayoharibu mapafu.

Hatua ya 4: kumimina. Miwani ya kufunga, glavu ndefu za mpira, viatu vya kufunika, si makubadhi. Ukizimua, asidi ndo inaingia kwenye maji, kidogo kidogo, kinyume chake maji yanachemka na kukurukia usoni. Betri ikipungua ongeza maji ya mvuke uliopozwa (distilled water) tu, kwa sababu yanayopotea ni maji, asidi imebaki humo humo. Halafu chaji, ndo upime kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri, ilojaa inasoma 1.26 mpaka 1.28 hivi.

Usiuze kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto ataiona kwenye friji atakunywa. Na muulize mteja ya kazi gani, andika jina lake, maana 2013 watu walimwagiwa tindikali Mji Mkongwe na sisi wauzaji lazima tujue mzigo wetu unakwenda wapi.

Ikimwagikia mtu: vua nguo zilorowa, maji mengi ya bomba dakika 20, jicho lishikiwe wazi, halafu hospitali. Usipake yai wala dawa ya meno. Akimeza usimtapishe. Iliyomwagika sakafuni mwagia magadi soda mpaka povu liishe, ndo usafishe.

Betri mbovu usiipasue ukamwaga maji yake uwani, mna risasi ndani yake, ile metali ya sumu, na ardhi yetu ya mawe inapitisha haraka mpaka kisimani, tena magadi hayaondoi risasi. Iuze nzima nzima na maji yake kwa wanunuzi wa betri chakavu.