SOMO: Mlango wa Hilux ya zamani, kuanzia kuukagua mpaka ufunge sawasawa

Salaam wadau. Somo hili ni la Hilux za mwaka 1988 hadi 1997, zile za kioo cha kuzungusha kwa mkono. Mlango wake hauna mambo mengi ya umeme, kwa hiyo mwenye spana na msaidizi mmoja anaweza kuushusha na kuurudisha nyumbani.

Kagua kabla hujatoa hela

Fungua mlango nusu, shika upande wa kitasa kwa chini, kisha unyanyue. Ukicheza kwenye bawaba, pini na bushi (vile vipete ambamo pini huzunguka) zimekwisha. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua mlango mzima wakati kilichokufa ni bushi tu. Angalia pia nguzo pale bawaba zilipofungwa. Kama bati limepasuka au limezama, hata mlango mpya utalala vilevile. Nguzo ichomelewe kwanza.

Halafu piga magoti uangalie chini. Maji ya mvua huteremka kando ya kioo, hupita ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Vitundu vikizibwa na tope, maji yanalala na kutu inakula kutokea ndani. Dunga mshono wa chini kwa bisibisi. Ukiwa mgumu na tatizo ni kubonyea tu, mlango unyooshwe. Ikiwa umeoza ukanda wa chini pekee, kata na uchomelee bati jipya. Kutu ikishafika kwenye fremu ya ndani au karibu na bawaba, tafuta mlango mwingine.

Kuchagua mlango uliotumika

Ukienda kwenye spea za Gerezani, Dar es Salaam, nenda na sumaku uliyoifunga kitambaa chepesi. Ipitishe kwenye bati. Inapokataa kushika, chini yake kuna pati nene, ule udongo wa kujazia mabonde kabla ya rangi. Ng'oa kidogo raba ya chini uone mshono. Singo kebini (milango miwili) na dabo kebini (milango minne) usikisie kwa macho: beba vipimo vya urefu na upana wa mlango wako. Ukipata mlango wenye bawaba, kioo na mashine yake ya kukipandisha, chukua hata kama bei imezidi kidogo.

Kuushusha

Chomoa waya hasi wa betri. Mkono wa kuzungushia kioo umeshikwa na klipu kwa nyuma. Pitisha kitambaa kati ya mkono na kava la ndani la mlango, kivute huku na huku mpaka klipu iruke. Funika kwa mkono mwingine isije ikapotelea kichakani. Toa kava, kisha bandua nailoni iliyobandikwa nyuma yake, taratibu bila kuichana. Kama kuna waya wa spika, uchomoe.

Chora kwa kalamu mzunguko wa kila bawaba. Weka jeki chini ya mlango, juu yake ubao na kitambaa. Fungua kwanza kizuizi cha mlango, kile kinachouzuia usifunguke kupita kiasi, kisha bolti za bawaba upande wa mlango kwa spana namba 12. Za upande wa nguzo ziache, isipokuwa unabadilisha bawaba.

Kuupanga: hapa usiwe na haraka

Kabla ya kufunga mlango kwa mara ya kwanza, toa kile chuma cha kwenye nguzo ya nyuma ambacho kitasa hukishika. Ukikiacha, kitauvuta mlango na kukudanganya kuwa umekaa. Alama zake zichore pia.

Kaza bolti za bawaba kiasi, funga mlango polepole, tazama mwanya kuanzia fenda, juu kwenye paa, mpaka chini. Ukitaka kuusogeza mbele au nyuma, legeza bolti za upande wa nguzo. Spana iliyopinda itakusaidia. Ukitaka uingie ndani au utoke nje, legeza za upande wa mlango. Kupandisha au kushusha kunawezekana pande zote mbili. Sogeza kitu kimoja, kaza, funga, tazama tena. Mwanya ukiwa sawa na mikunjo ya bodi ikifuatana, ndipo urudishe kile chuma na kukigongagonga taratibu mpaka kitasa kiingie bila mlango kunyanyuka wala kushuka.

Rangi ije baada ya hapo. Pati isizidi milimita 3. Panapohitaji zaidi, bati halijanyooshwa.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mlango unafunga vizuri ila mvua ikinyesha miguu inalowa.
Ni ile nailoni, mkuu. Maji kupita ndani ya mlango ni kawaida, nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie kebini. Wafunga spika wengi huichana. Kata nailoni nzito, ibandike kwa gundi pembeni zote, na ncha ya chini uiingize ndani ya mlango ili maji yadondokee kwenye vitundu.

Fundi wangu anataka kumwaga oili chafu ndani kuzuia kutu. Nimruhusu?
Hapana, kaka. Oili inalainisha na kuharibu raba, na siku ya kupaka rangi itakusumbua. Paka nta ya kuzuia kutu kwenye mshono, halafu pitisha waya kwenye kila kitundu kuhakikisha kiko wazi. Lami nayo huviziba, iache.

Naweza kuchomelea mlango ukiwa kwenye gari?
Ushushe. Toa kioo, kwa sababu cheche huacha vidoti visivyofutika, na toa kila kinachoshika moto. Choma nukta moja, ruka mbali, choma nyingine. Ukichoma mstari mfululizo, bati jembamba litapinda.

Bushi za bawaba sizipati huku Songea.
Peleka bawaba pamoja na pini yake kwa fundi wa kukereza, akuchongee bushi za shaba. Aipime pini kwanza; kama imelika upande mmoja, achonge na pini mpya. Isiwe na mchezo hata kidogo, na uipake grisi kabla ya kuifunga.