Somo: Maji ya mbwa wa nyumbani. Soma lote ndipo uulize

"Mbwa wangu hanywi maji, nifanyeje?" Hili limejibiwa humu mpaka limechosha. Mara nyingi mbwa hana ugonjwa wowote: maji yalimwagika saa tatu asubuhi, mwenye mbwa karudi magharibi. Naandika mara moja tu.

1. Kiasi: mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mbwa wa kilo 20 ni lita 1 hadi 1.2. Joto likipanda, au jike akinyonyesha, huweza kufika mara mbili.

2. Chombo: sufuria au bakuli la stenlesi. Plastiki ikichubuka, utelezi unajificha kwenye mikwaruzo.

3. Mahali. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Mbwa wa mnyororo usimfunge kwenye mti wala nguzo: atazunguka, mnyororo utafupika, na maji atayaona kwa macho tu. Mfunge kwenye pete iliyopigwa ukutani. Sufuria ikae karibu na mwisho wa mnyororo, nusu mita ndani yake. Ukiiweka katikati, kila akikimbilia geti mnyororo unaifagia. Kisha tafuta tairi kuukuu la rimu 13, ulilaze, na sufuria yenye ukingo mpana kidogo kuliko tundu iningʼinie humo. Haipinduki.

ONYO: toboa matundu manne upande wa chini wa tairi. Usipotoboa, mvua moja tu umeshafuga viluwiluwi vya mbu wa dengi.

ONYO la pili: kivuli kinahama. Kwa Dar es Salaam, jua la mchana la Juni liko kaskazini, la Desemba liko kusini. Upande wa ukuta uliokuwa na kivuli Juni, Desemba unaungua, na maji ya moto mbwa hayanywi. Angalia saa saba mchana, si asubuhi.

4. Badilisha asubuhi na jioni. Mwaga yote, usijazie juu.

5. Osha kwa sabuni kila siku. Mara moja kwa wiki tia kijiko kimoja cha chakula cha jiki kwenye lita moja ya maji, acha dakika 10, suuza sana.

Maji yaliyolala karibu na stoo ya pumba yamwage. Mkojo wa panya ndio unaoleta homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022, na mbwa naye huipata.

MASWALI

— Mkuu, wangu hanywi kabisa, nimpe maziwa?
— Hatua ya 3. Maziwa yatamharisha.

— Nimesoma yote.
— Umemfunga wapi?

— Kwenye mwembe.
— Hatua ya 3.

— Niko Kigamboni, kisima kina chumvi. Nikiyachemsha yatafaa? Na nitajuaje kama amepungukiwa maji?
— Maswali mazuri, dada. Kuchemsha hakutoi chumvi. Maji yanapungua, chumvi inabaki, yanazidi ukali. Changanya na ya mvua au ya bomba. Wewe mwenyewe ukishindwa kuyameza, usimpe. Kumpima: vuta ngozi ya katikati ya mabega, uiachie. Irudi papo hapo. Ikirudi polepole, na ufizi unanata badala ya kuteleza, amepungukiwa. Mbwa mzee au aliyekonda ngozi hudanganya, kwa hiyo amini ufizi.

— Wangu anasogea kwenye maji ila hamezi, mate yanamtoka. Nataka nimfungue mdomo, huenda ni mfupa.
— USITIE MKONO. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mfungie, watoto wasisogee, mwite daktari wa mifugo sasa hivi. Kama amekuuma au mate yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali leo hii ukachanjwe.

— Jike langu ghafla anamaliza ndoo. Nimpunguzie?
— Usimnyime maji. Pima anachokunywa kwa saa 24. Kikizidi mililita 100 kwa kilo, mpeleke kwa daktari. Kama alitoka kwenye joto (kutaka dume) wiki chache zilizopita na hajafungwa kizazi, usisubiri hata kupima: huenda kizazi kina usaha.

— Barafu haimdhuru?
— Haimdhuru. Gandisha maji kwenye kopo la mtindi, tumbukiza saa nne asubuhi. Kipande kikubwa huyeyuka polepole.

— Na tairi la bajaji?
— Jepesi, atalibeba.