Mbolea ya ruzuku: andaa vocha yako kabla ya mvua

Mkulima wa Trans Nzoia au Uasin Gishu, nchini Kenya, anayekosa mbolea ya ruzuku (iliyopunguzwa bei na serikali) mwezi Machi, mara nyingi aliikosa tangu Januari, kwenye usajili. Foleni ya ghalani ndipo anapoligundua hilo.

Anza kwa chifu au naibu wake, maana usajili wa wakulima ulipitia kwao. Beba kitambulisho cha taifa na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Utaulizwa ekari unazolima na mazao unayopanda, na idadi ya mifuko kwenye vocha, yaani kibali chako cha kununua mbolea hiyo, hutokana na majibu hayo. Kwa hiyo taja ekari zote, hata za kukodi. Ukiandikiwa ekari moja huku unalima tatu, vocha itakuja ya ekari moja, na karani wa ghala hana uwezo wa kuibadilisha.

Kama ulisajiliwa zamani, usidhani mambo yako sawa. Hakikisha namba ya kitambulisho haikukosewa tarakimu, na kwamba laini iliyoandikwa bado unaitumia, kwa sababu vocha huja kwa ujumbe mfupi. Laini ikizimwa, ujumbe haukufikii. Mjane ambaye shamba lilisajiliwa kwa jina la marehemu mumewe aombe kusajiliwa mwenyewe mapema, asisubiri msimu.

Vocha ikifika, soma aina ya mbolea na idadi ya mifuko, kisha uliza kama aina hiyo ipo kabla ya kulipa nauli ya kwenda ghala la NCPB (Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao) la Kitale, Moi's Bridge au Eldoret. Bei ya mfuko wa kilo 50 ilikuwa shilingi 3,500 mwaka 2022, ikashushwa hadi 2,500 Agosti 2023. Ukitajiwa zaidi ya bei rasmi, dai maelezo. Namba ya vocha ni siri yako: broka anayekupa pesa kidogo ili aitumie anakunyang'anya mavuno ya mwaka mzima.

Kagua mfuko kabla haujapakiwa. Ushonaji uwe wa kiwandani, alama ya ubora iwepo, na virutubisho viandikwe waziwazi. Machi 2024 iligundulika kuwa mbolea isiyofikia viwango ilikuwa imeuzwa kupitia mpango huuhuu, na serikali ikaahidi fidia. Tunza risiti, bila hiyo utathibitisha vipi kwamba ulinunua?

Kuhusu aina: DAP (18:46:0, yaani asilimia za nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ni nzuri kwa kupandia, lakini mashamba mengi ya eneo hili yamekuwa na asidi baada ya kuwekewa DAP miaka nenda miaka rudi. Pima udongo. Ukiwa na asidi, weka chokaa wiki kadhaa kabla ya kupanda na uchague NPK 17:17:17 au 23:23:0.

Mfuko mmoja hutosha ekari moja ya mahindi ukipanda kwa sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo. Hayo ni mashimo 10,800 hivi, karibu gramu 5 kila shimo, takriban kifuniko kimoja cha soda. Funika mbolea kwa udongo kidogo ndipo uweke mbegu. Zikigusana, mbegu huungua.

Mbolea ya CAN, ya kukuzia, iwekwe mahindi yakifika magotini, baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu.