Kabla Hujaamini Namba za Shiti Kuukuu la Lupa

Mpwa wangu alikuja hapa Magomeni jioni, kesho yake anapanda basi la Chunya. Kwenye simu alikuwa na picha ya shiti la zamani la ramani ya Lupa, machimbo ya dhahabu ya huko Chunya, na ameshanakili namba za duara moja, yaani shimo la mgodi, lililochimbwa enzi za Mwingereza. "Mjomba, GPS itanifikisha." Nikamkalisha.

Anza na maandishi ya pembezoni. Shiti tulizorithi za skeli ya 1:50,000 gridi yake, ile mistari ya namba, ni ya datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, ilhali simu yako inatumia datumu nyingine, WGS84. Kule Lupa, namba za gridi ukizitia kwenye simu zilivyo, utasimama kama mita 300 kaskazini mwa shimo unalolitafuta. Mita 300 machimboni ni leseni ya mtu mwingine!

Dawa yake ni programu ya ramani ya bure ya QGIS. Skani shiti likiwa limelala bapa, maana mkunjo mmoja unapotosha gridi. Bana pointi, yaani iandikie programu namba za mahali, kwenye makutano ya mistari ya gridi, pembe zote nne na mbili tatu za katikati. Usibane kwenye mto wala njia. Mto hula kingo zake na njia huhama. Kisha chagua mfumo wa namba EPSG 21036, ambao ni Arc 1960, zoni ya 36 kusini. Programu itahamisha yenyewe.

Sasa soma ardhi, na hapa usiwe na haraka. Dhahabu ya Lupa ilianza kuokotwa kwenye mchanga wa vijito miaka ya 1920. Kontua, ile mistari ya mwinuko, zikivuka kijito hupinda kama V, ncha ikitazama maji yanakotoka. Fuata kijito kushuka: pale kontua zilizobanana zinapoanza kuachana, maji yanapoteza nguvu, na kizito hutua. Hakikisha tu kama mwinuko wa kontua umeandikwa kwa futi au mita. Futi 50 ni mita 15 tu.

Kila alama ya mgodi wa zamani izungushie kalamu nyekundu. Matimba, yale magogo ya kushikilia shimo, yameoza, nyasi zimefunika mdomo wa shimo. Usitembee hapo peke yako, tafadhali.

Saa nne usiku tukaweka picha ya setilaiti chini ya shiti. Pointi ya mpwa wangu ikatoka mgongoni mwa kilima, ikashuka hadi kando ya kijito, palepale mchoraji alipoiweka.