Ulanzi: mtogwa asubuhi, mkangafu baada ya chakula

Kama unawapeleka wageni kuonja ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, vijijini Iringa na mtakula huko mchana, patana mapema na mwenyeji wenu mfike kwenye mianzi asubuhi, mgema akiwa anashusha mbeta, vile vyombo vya mwanzi vya kukingia ulanzi. Onjeni mtogwa, yaani ulanzi mbichi ulio mtamu, hapo hapo. Mkangafu, ule uliochachuka ukawa mkali, usubiri mpaka mmeshiba ugali. Ulanzi huanza kuchachuka ukiwa bado ndani ya mbeta. Hamira ya asili inakula sukari, na ikifika jioni ule utamu wa asubuhi umeshapotea. Halafu ulimi ukitangulia kuonja ukali wa mkangafu, mtogwa utauona kama maji tu, na mgeni atakuwa amekosa kitu kizuri kuliko vyote siku hiyo. Mkikuta povu jepesi na nyuki wawili watatu wanaelea, msishtuke, chujeni mnywe. Kiangazi mpango huu haufai, kwa sababu mianzi hugemwa wakati wa mvua, machipukizi yakiwa machanga. Na mvua ikiwa kubwa, njia za shambani zinateleza kweli, vaeni gambuti. Wa kubeba nyumbani usikaze kifuniko cha chupa: gesi itaipasua njiani.