Wakala akipiga simu, mwombe aandike

Wakala wa ajira akikupigia uko saiti Kampala, usijadili bei. Mwambie: "Nitumie WhatsApp jina la mteja, mahali, muda wa mkataba na malipo ya siku kabla ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 6. Nitakujibu jioni." Jina la mteja, yaani kampuni ambayo wakala anaitafutia mtu, ndilo la kushikilia: mawakala wawili wakipeleka CV yako kwa mteja mmoja, mara nyingi anaiweka kando akwepe ugomvi wa kamisheni. Mwenye kazi kweli huandika. Anayekusanya CV tu hupotea, na simu zinapungua. Njia hii hukwama wakala akihofia utamruka umfuate mteja mwenyewe. Hapo muahidi kwa maandishi kwamba hutamruka, naye asitume CV popote bila idhini yako.