Kabla ya kutoka Nairobi kutazama galaksi zinazovutana

Anza na kalenda. Jozi nyingi nzuri za galaksi ziko upande wa makundi ya nyota ya Kunguru na Mashuke, na nyota hizo huwa juu mapema usiku mwezi wa Aprili na Mei, masika yakiwa yameshika. Kwa hiyo safiri mwishoni mwa Januari au Februari, usiku usio na mwezi, na ukubali kukesha. Katikati ya Februari, jozi ya NGC 4038 na 4039 (NGC na M ni majina ya orodha za wanaanga), maarufu kama Antena, hufika kilele saa tisa usiku, nyuzi 72 juu ya upeo wa macho, upande wa kusini. Galaksi ya M51 na mwenzake NGC 5195 hufuata yapata saa kumi na nusu alfajiri, ila kwetu hawapandi zaidi ya nyuzi 41 kaskazini.

Ukishuka barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, mwanga wa jiji hubaki kaskazini mashariki, na M51 huchomoza humo humo. Usiihangaikie mapema, isubiri ikaribie kilele. Ruhusa ya kulala huko iombe kabla ya siku yenyewe.

Kioo cha darubini ndicho kinachoharibu usiku mwingi. Kioo cha inchi 16 kilichoshinda garini juani huhitaji kama saa mbili kupoa, na feni ya volti 12 ikipuliza nyuma yake. Kikiwa bado na joto, hewa inayopanda juu yake huchezesha picha, na galaksi mbili zilizogusana huwa doa moja tu. Vioo vilinganishe baada ya kufika, maana mitikiso ya njiani huvihamisha, kisha uhakikishe tena darubini ikiwa imeinama, kwani kioo kizito huteleza kidogo kwenye kishikilio chake.

Kwa darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) wa milimita 1,800, beba lenzi ya milimita 20 ya kutafutia (hukuza mara 90) na ya milimita 9 ya kutazamia (hukuza mara 200). Wengi huogopa kukuza wakidhani galaksi hafifu itapotea. Kumbe ukikuza, anga la nyuma huwa jeusi zaidi na mwanya kati ya galaksi hufunguka. Filta za nebula, yaani za kutazamia mawingu ya gesi angani, ziache nyumbani: mwanga wa galaksi ni wa nyota, filta itaukata pamoja na ule wa jiji.

Mwenye Dobson, darubini ya kuzungushwa kwa mkono juu ya kitako, ajue kwamba jozi ya NGC 5426 na 5427 hupita nyuzi 85, karibu na utosi, ambako kuizungusha darubini ni taabu. Zikamate saa moja na nusu kabla hazijafika huko.

Antena zitafute nyuzi tatu na nusu kutoka Gienah, nyota ya kundi la Kunguru, magharibi ukielekea kusini kidogo. Utaona kitu kilichopinda kama korosho, ncha ya kaskazini ikiwa angavu zaidi. Ile mikia mirefu ya kwenye picha usiitegemee. Tazama pembeni kidogo ya galaksi, si moja kwa moja, baada ya nusu saa gizani. Simu moja ikiwashwa, nusu saa hiyo inaanza upya, kwa hiyo ramani za nyota zichapishwe na tochi zote zifunikwe karatasi nyekundu kabla jua halijazama.